Gari la Chama na Beringi za Magurudumu

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Wilaya za Mbulu na Hanang



Katika daftari la matumizi la chama chenye gari, dizeli na matairi huandikwa kila mara, na kila mjumbe wa Bodi huuliza habari zake. Beringi za magurudumu hazina bahati hiyo. Yaweza kupita miaka mitatu au minne pasipo hati moja ya malipo kuzitaja, mpaka siku gurudumu linapochomoka njiani. Na hati ya siku hiyo haitaji beringi peke yake, bali ekseli, habu, dramu ya breki, malipo ya gari la kukokota, na pengine matibabu ya watu. Kwa sababu hiyo jambo hili linaletwa mbele ya makatibu na wanachama, wala haliachwi kwa mafundi peke yao. Fundi hulitazama gari likisha kufikishwa kwake. Anayeliona kila asubuhi, anayesikia malalamiko ya dereva, na anayetia sahihi ya kuliruhusu liende au lizuiwe, ni Katibu.

Wenyeji wa Mbulu na Hanang hawahitaji kusimuliwa barabara zao. Lami itokayo Babati kwenda Singida kwa kupitia Katesh ni nyororo, lakini mbaazi, alizeti na ngano hazilimwi kando ya lami tu, na vitunguu saumu vya Mbulu havishuki mlimani vyenyewe. Hapana budi gari liingie vumbini kiangazi na topeni masika, livuke makorongo, lipande na kuushuka ukuta wa Bonde la Ufa. Mteremko wa Magara, katika barabara itokayo Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu, ni mfano unaojulikana na wote. Gari lenye shehena likishuka mahali pa namna hiyo, uzito huegemea magurudumu ya mbele, breki hupata moto, na joto la breki hupita katika diski au dramu likaingia ndani ya habu, ambamo beringi na grisi yake hukaa. Beringi iliyochakaa yaweza kuvumilia tambarare za Basotu kwa majuma mengi, kisha ikashindwa katika nusu saa ya mteremko.

Kazi ya beringi

Beringi ina pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine. Kati ya pete hizo hupangwa gololi, au vipande vya mviringo viitwavyo rola, navyo hutengwa na kizimba chembamba ili visigongane. Badala ya chuma kuteleza na kusagana na chuma, chuma hubingirika juu ya chuma. Tofauti ya mambo hayo mawili inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuburura gogo kwa kamba, kisha akalilaza juu ya miti ya duara na kulisukuma kwa mkono mmoja.

Mwaka 1794 Philip Vaughan, mfua chuma wa Carmarthen huko Wales, alipewa hataza ya kutumia gololi katika ekseli za magari ya farasi. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1898, Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi yenye rola zilizochongwa kama koni. Hiyo ya Timken ilifaa mno kwa magurudumu, maana gurudumu halibebi uzito wa juu kwenda chini tu. Kila gari likatapo kona gurudumu husukumwa pia kwa ubavu, na koni hukabili nguvu zote mbili kwa pamoja. Hata leo gari la kazi kama pikapu ya Land Cruiser lina beringi mbili za koni katika kila habu ya mbele, zikielekeana, na nati ya kuzibana. Gari dogo kama Probox au Noah aghalabu lina beringi iliyofungwa kiwandani pamoja na grisi yake, isiyofunguliwa wala kurekebishwa. Ikichakaa hutolewa nzima, ikawekwa nyingine. Tofauti hiyo yampasa Katibu aijue kabla ya kupokea hati ya fundi. Fundi aliyeandika "kupaka grisi beringi" kwa gari ambalo beringi zake zimefungwa kiwandani ameandika kazi isiyofanyika.

Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 70 huzunguka karibu mara 450 katika kilometa moja. Safari ya kilometa 100 ni mizunguko 45,000, na katika mizunguko hiyo kila rola hupita chini ya uzito wa gari tena na tena. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria umri wa beringi kwa kufuata uzito inaoubeba, na kanuni hiyo ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani. Uzito ukiongezeka maradufu, umri wa beringi haupungui kwa nusu: ule wa beringi ya gololi hushuka hadi sehemu moja ya nane, na ule wa beringi ya rola hadi sehemu moja ya kumi hivi. Uzito ukizidi kwa nusu tu ya kiasi kilichowekwa, beringi ya rola hubakiwa na kama robo ya umri wake. Hesabu hizo ni za beringi safi yenye grisi nzuri. Vumbi na maji bado havijatiwa. Mwanachama anayesihi magunia kumi ya mwisho yapakiwe "maana ni mwendo mfupi" huwa anaomba kitu ambacho bei yake italipwa na wenzake baadaye, na mara nyingi si katika msimu ule ule, ndiyo sababu haonekani kuwa na kosa.

Sauti yake

Dalili ya kwanza ya beringi iliyochakaa ni mvumo. Huanza kama sauti ndogo ya nyuki waliomo mzingani, nayo hukua kadiri mwendo unavyokua. Baada ya majuma huwa mngurumo, na mwisho husikika kama changarawe inayosagwa. Jambo la kushika ni kwamba mvumo huo hufuata mwendo wa gari, haufuati injini. Dereva akiwa katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, akakanyaga klachi au akatia gia huru na kuliacha gari liserereke mahali tambarare na salama, sauti ya injini hushuka papo hapo. Mvumo ukibaki vile vile na kupungua polepole pamoja na mwendo, chanzo chake kimo katika magurudumu au katika yale yanayoungana nayo.

Hapo ndipo barabara za vijijini zinapokuwa adui wa sikio. Juu ya mawe na matuta, gari zima hupiga kelele: bodi hulia, springi hulia, makopo ya nyuma hugongana, na beringi mbovu hujificha katikati ya makelele hayo hadi ivunjike. Chama chenye busara humtaka dereva, afikapo kwenye lami, azime redio, afunge vioo, na asikilize kwa kilometa chache. Kwa gari lililotoka mashambani mwezi mzima, kilometa tano za lami ya Katesh hufundisha mengi kuliko kilometa mia za changarawe.

Kutambua upande ulioharibika, dereva huliyumbisha gari kwa upole kushoto na kulia, mahali pasipo na magari mengine wala watu. Gari likielekezwa kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Likielekezwa kulia na mvumo ukazidi, hushukiwa ya kushoto. Hata hivyo sauti hupita katika vyuma vya bodi, na beringi ya nyuma yaweza kusikika kana kwamba imo chini ya miguu ya dereva. Kipimo hiki kinatoa mtuhumiwa; hukumu ingali mbele.

Maana wako watuhumiwa wengine. Tairi lililolika kwa vipande, hasa pale shokamzoba zilipokwisha, huvuma karibu sawasawa na beringi. Tofauti ni kwamba sauti ya tairi hubadilika gari litokapo lami mpya kuingia lami kuukuu, na mkono ukipitishwa juu ya tairi husikia mabonde na vilima vyake. Tena tairi likihamishiwa mbele au nyuma, sauti huhama nalo. Difu iliyolika hulia zaidi dereva akanyagapo mafuta na hunyamaza au hubadili sauti aachiapo, ilhali beringi ya gurudumu haijali sana mguu wa dereva. Jointi ya shafti ya tairi la mbele hugonga ka-ka-ka gari likatapo kona kali kwa mwendo mdogo. Breki iliyobana hukwaruza. Vyama vimeuziwa beringi nne kwa sababu ya matairi mawili mabovu, na baada ya kuzilipa, mvumo ulibaki pale pale. Hasara ya namna hiyo huondolewa na robo saa ya kuhamisha matairi kabla ya kufungua habu.

Ziko dalili zisizo za sauti. Usukani huanza kuyumba, gari likahitaji kusahihishwa kila mara. Breki za diski hutoa ishara ambayo madereva wengi huifahamu visivyo: gurudumu lenye uchezaji huichezesha diski, diski huzisukuma pedi nyuma, na dereva akanyagapo breki mara ya kwanza mguu huenda chini kuliko kawaida, lakini akikanyaga mara ya pili breki hushika vizuri. Wengi husema ni upepo katika mafuta ya breki, wakaitoa hewa, wakarudi njiani. Katika magari mapya yenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande, taa yake yaweza kuwaka kwenye dashibodi, kwa kuwa kipimo cha mwendo wa gurudumu hukaa jirani na beringi, au ndani yake. Na grisi inayoonekana kuvuja nyuma ya gurudumu, ikiwa imechanganyika na vumbi kama uji mweusi, inaonyesha kwamba sili imekufa. Mahali grisi ilipotokea, vumbi na maji huingilia hapo hapo.

Kupima gari likiwa limesimama

Kipimo hiki chaweza kufanywa uani mwa ghala la chama, na hakuna sababu Katibu asikishuhudie. Gari husimamishwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu yasiyoinuliwa yakazuiwa kwa mawe au magogo mbele na nyuma. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, kisha gari likalazwa juu ya stendi ya chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ni mauti. Tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Fundi hushika tairi juu na chini, mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, kwa zamu. Gurudumu likicheza na kugonga, huenda ni beringi, na huenda ni bolijointi au kingipini. Kuyatenganisha, mtu wa pili hukanyaga breki kwa nguvu wakati fundi akiendelea kutikisa. Breki hulifunga gurudumu pamoja na sehemu isiyozunguka. Kwa hiyo uchezaji ukitoweka, ulikuwa ndani ya beringi. Ukibaki, chanzo kiko kwenye jointi za mwili wa gari. Kisha tairi hushikwa kushoto na kulia: uchezaji unaoonekana hapo tu, na juu na chini haupo, mara nyingi ni wa mikono ya usukani.

Baada ya hapo gurudumu huzungushwa kwa mkono, gia ikiwa huru, huku mkono wa pili umewekwa juu ya springi ya gurudumu hilo. Beringi nzima haisikiki. Beringi iliyochimbika hutuma mtetemo mwembamba wa kukwaruza hadi kwenye viganja, hata pale sikio lisiposikia kitu. Kipimo hiki kidogo ndicho bora kuliko vyote kwa magari yenye beringi zilizofungwa, kwa kuwa hizo huweza kuvuma sana na zisicheze hata kidogo. Fundi anayetikisa tairi mara moja na kusema "haina kitu" hajamaliza kazi.

Joto nalo husema. Gari likitoka safari, mkono hukaribishwa kwenye habu za magurudumu mawili ya ekseli moja, bila kuzigusa kwanza. Zikiwa na joto sawa, hakuna shaka. Moja ikiwa ya moto mno kuliko mwenzake, ama breki yake imebana ama beringi yake inakufa, na yote mawili yanataka gari lisimame. Mlinganisho huo usifanywe mara baada ya kushuka Magara, kwa sababu hapo habu zote huwa za moto.

Hukumu ya Katibu

Ichukuliwe mfano wa chama chenye pikapu moja katika msimu wa mbaazi. Mzigo wa wanachama unatakiwa ghalani kabla ya mnada, dereva amerudi jioni akisema gurudumu la mbele kulia linavuma, na asubuhi wanachama arobaini wamekaa juu ya magunia yao. Fundi yuko Babati. Katibu akilizuia gari, ataambiwa amewakosesha wanachama bei. Akiliachia na gurudumu likatoka, ataulizwa kwa nini aliliachia hali aliambiwa.

Jawabu halipatikani kwa kupiga moyo konde. Linapatikana kwa kuinua gurudumu. Iwapo kuna mvumo tu, gurudumu halichezi, habu haina joto la kuzidi, na grisi haivuji, gari laweza kwenda gereji kwa mwendo wa polepole, tupu, kwa njia isiyo na mteremko mkali, na mzigo ukakodiwa gari jingine. Iwapo gurudumu linacheza na uchezaji umetambuliwa kuwa wa beringi, au sauti imekwisha kuwa ya kusagika, au habu inaunguza, gari halitoki hata kwa kilometa moja. Fundi ndiye anayefuata gari. Katika hatua hiyo kizimba cha beringi huwa kimeanza kukatika. Rola zikikosa kizimba hujikusanya upande mmoja, pete ya ndani huganda juu ya ekseli na kuichoma, nati hulegea au hukatika, na gurudumu huondoka pamoja na habu na breki yake. Dereva aliye mteremkoni hupoteza kwa wakati mmoja gurudumu, usukani, na breki ya upande huo.

Gharama ya kukodi gari siku moja huumiza, na wanachama watanung'unika. Lakini Katibu mwenye karatasi iliyoandikwa saa, kilometa, alichosema dereva na kilichoonekana gurudumu lilipoinuliwa, ana kitu cha kuwasomea. Asiye na karatasi ana maneno tu.

Kuisoma beringi iliyotolewa

Fundi mwema haitupi beringi kuukuu. Huiosha kwa mafuta ya taa na kuitazama, maana kuijua sababu ya kifo chake ndiko kunakookoa ile mpya. Pete iliyomeguka magamba madogo, ikabaki na mashimo, imechoka kwa uzito na umri. Pete yenye rangi ya majani makavu, kahawia au buluu imeungua, ama kwa kukosa grisi, ama kwa kubanwa mno, ama kwa joto la breki. Chuma kilichofika rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake. Vishimo vilivyopangika kwa nafasi sawa, kila kimoja mahali pa rola, ni alama ya kishindo: gari liliangukia shimoni likiwa na mzigo, au fundi aliipiga beringi kwa nyundo wakati wa kuiingiza. Hilo la nyundo ni la kawaida kuliko inavyokubaliwa. Mikwaruzo myembamba ya kijivu pande zote ni vumbi. Madoa mekundu au meusi ni kutu, nayo ni kazi ya maji.

Maji yana njia yake ya kuingia. Habu iliyopata moto ikizamishwa ghafla katika maji baridi ya korongo, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, na katika kusinyaa huyavuta maji kupita kwenye sili. Dereva akisubiri kidogo ng'ambo hii kabla ya kuvuka, habu hupoa kwa utaratibu. Tarehe 3 Disemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliposhukia Katesh na Gendabi, watu wengi walipoteza maisha, na msiba huo haupimwi kwa habari za magari. Ila linabaki jambo la ufundi: gari lolote lililofanya kazi katika mafuriko au tope linalofika habu hufunguliwa beringi zake mara baada ya kazi, hata kama halivumi, kwa sababu kutu huanza kimya kimya na mvumo huja baada ya miezi.

Kununua na kufunga

Beringi hujulikana kwa namba iliyochorwa juu ya pete, na namba hiyo ndiyo inayopasa kuandikwa katika hati ya malipo, wala si "beringi ya mbele" peke yake. Katika namba nyingi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita: 6205 ina tundu la milimita 25, na 32010 ina tundu la milimita 50. Beringi za habu zilizoundwa kwa ajili ya gari fulani zina namba za namna nyingine, nazo hulinganishwa na ile iliyotolewa. Bandia zimejaa masokoni, zikiwa na maboksi mazuri kuliko ya asili. Mchoro wa namba uliofifia au uliopinda, boksi lenye herufi zilizokosewa, na bei iliyo chini mno ya maduka mengine ni sababu ya kutosha ya kumrudishia mwenye duka. Malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani. Beringi ya koni hununuliwa na kikombe chake. Koni mpya ndani ya kikombe kuukuu hufa mapema, na fundi anayeacha kikombe cha zamani "kwa kuwa bado kizuri" anakwepa tu taabu ya kukitoa.

Grisi iwe ya beringi za magurudumu, inayostahimili joto, wala isiwe ile ya bei ya chini ya kupaka popote. Aina mbili zisichanganywe, kwa sababu baadhi ya grisi zikikutana huyeyuka na kutiririka. Ya zamani huoshwa yote kwanza. Hushindiliwa kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili wa rola, lakini nafasi iliyomo ndani ya habu haijazwi pomoni, maana grisi iliyozidi hutaabika, hupata moto na kuisukuma sili. Beringi iliyooshwa isizungushwe kwa upepo wa kompresa. Hufurahisha vijana wa gereji kwa mlio wake, nayo ni beringi kavu inayojichakaza, na rola yake moja ikiruka yaweza kupofua jicho.

Kwa beringi za koni, nati hukazwa huku habu ikizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena kidogo kwa kiasi kinachotajwa na kitabu cha gari lenyewe. Magari mengi hutaka uchezaji mdogo sana, kati ya milimita 0.03 na 0.13 hivi, usioonekana kwa jicho; mengine hutaka beringi ibanwe kidogo pasipo uchezaji wowote. Mazoea ya kukaza "mpaka ishike" yameua beringi nyingi mpya kuliko vumbi la Basotu. Koterapini na sili huwekwa mpya. Kwa beringi zilizofungwa kiwandani, pete ya nje ndiyo inayosukumwa wakati wa kuiingiza katika habu, na kwa mashine ya kubana, si kwa nyundo kupitia pete ya ndani. Na gari lisisukumwe hata hatua mbili kabla ya nati ya shafti kukazwa, kwa kuwa nati hiyo ndiyo inayozishika pete zikae pamoja.

Yasisahauliwe matrela ya matrekta, ambayo hubeba mzigo kuliko pikapu na hayakaguliwi na mtu, wala mikokoteni ya ng'ombe iliyoundwa juu ya ekseli kuukuu za magari. Beringi za mkokoteni zilikwisha kufanya kazi maisha yake yote chini ya gari fulani kabla ya kufika shambani, lakini grisi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya mavuno, huzipa maisha ya pili, na ng'ombe huona tofauti siku hiyo hiyo.

Gari likisha kufungwa beringi mpya, hupelekwa mwendo mfupi, habu zikapimwa joto, na baada ya kilometa 500 gurudumu huinuliwa tena na kutikiswa. Beringi ya koni iliyolegea hukazwa hapo. Katika daftari la gari huandikwa tarehe, kilometa, gurudumu lililohusika, namba ya beringi na jina la fundi. Ile kuukuu, ikiwa imefungwa katika gazeti pamoja na nakala ya hati ya malipo, hutunzwa kabatini hadi ukaguzi wa hesabu za mwaka huo utakapokwisha.